Breki za nyuma zinapiga kelele na kuchemka: mwongozo kamili wa kutafuta chanzo na kutengeneza

Malalamiko ni yale yale. Mtu ana Corolla, Carina au Premio ya zamani, gurudumu moja la nyuma linalia na rimu yake inachoma mkono. Anaipeleka gari gereji, anafungiwa viatu vipya vya breki (vipande vinavyosugua ndani ya dramu ili kusimamisha gurudumu), analipa na kushukuru. Wiki mbili hazijapita, joto limerudi na viatu vipya vimeungua. Mara hii anauziwa dramu, ile ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu, mara nyingine silinda inayosukuma viatu. Fedha zinakwisha na ugonjwa uko palepale.

Kiatu cha breki ndicho kinachoumia, lakini mara nyingi chanzo kiko kwingine. Kuna kitu kinachokibana kwenye dramu wakati mguu wako hauko kwenye pedali. Kitu hicho ni kimoja kati ya vitatu: kebo ya hendibreki, fluidi (mafuta ya breki) iliyonaswa kwenye mfumo, au vyuma vya ndani ya dramu vilivyokwama. Kuvitofautisha hakuhitaji kompyuta wala mashine, na kunafanywa kabla hujanunua spea hata moja.

Mwongozo huu ni wa gari zenye dramu nyuma. Kama yako ina diski, hatua tatu za kwanza zitakufaa, ila kufungua ni kazi tofauti. Na kama hujawahi kufungua breki maishani, vipimo vyote fanya mwenyewe, halafu siku ya kufungua simama na fundi unayemwamini.

## Vifaa vya kuandaa

- Jeki na stendi mbili za chuma za kuegemezea gari
- Kabari au mawe makubwa mawili ya kuzuia magurudumu ya mbele
- Spana ya magurudumu, spana namba 8, 10, 12 na 14
- Bolti mbili za M8 (zile zenye kichwa cha spana 12) za kutolea dramu
- Bisibisi bapa mbili, koleo, nyundo na kipande cha mbao
- Msasa wa wastani, brashi ya waya, matambara
- Dawa ya kusafishia breki ya kopo, au maji ya sabuni
- Grisi ya breki inayostahimili joto (ya kawaida ya beringi haifai hapa)
- Fluidi ya breki DOT 3 au DOT 4 iliyofungwa, kulingana na maandishi kwenye kifuniko cha tangi lako
- Mpira mwembamba unaopenya mwanga na chupa safi, kwa ajili ya kutoa hewa
- Barakoa, glavu na simu ya kupigia picha
- Msaidizi mmoja wa kukanyaga pedali

Spea usinunue bado.

## Kabla hujagusa kitu

Egesha mahali tambarare na pagumu. Kwenye udongo laini jeki huzama, hasa mvua ikiwa imenyesha. Weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, kwa sababu hendibreki utaiachia na haitakushikia gari. Ukishainua, weka stendi chini ya chasi. Matofali hupasuka bila kutoa ishara yoyote; usiyaamini hata kwa dakika tano.

Vumbi la breki usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Viatu vingi vya zamani, na baadhi vinavyouzwa kwa bei ya chini mpaka leo, vina asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni linaweza kuleta saratani baada ya miaka mingi. Vaa barakoa, lowesha vumbi kwa maji ya sabuni, kisha futa kwa tambara utakalolitupa.

Petroli na mafuta ya taa yakae mbali na kazi hii. Yanafanya mipira ya silinda ivimbe, na karibu na dramu yenye moto ni hatari ya kuungua.

## Hatua ya 1: Sikiliza kelele kabla ya kufungua

Endesha polepole kando ya ukuta mrefu, madirisha yakiwa wazi. Ukuta unarudisha sauti, utasikia vizuri inatoka upande gani. Mpe msaidizi usukani kisha wewe usikilize kutoka kiti cha nyuma.

Mlio mwembamba, mkali, unaposhika breki taratibu. Vumbi limejaa, au uso wa kiatu umekuwa kama kioo kwa kuungua. Asubuhi baada ya mvua mlio huu ukitoweka baada ya kushika breki mara chache, ni kutu nyepesi tu na hakuna ugonjwa.

Kukwaruza kwa chuma. Laining, yaani tabaka la kiatu linalosugua dramu, imekwisha na chuma kinakula dramu. Usiendelee kuendesha. Kila kilomita unayoongeza inaongeza bei.

Kulia kwa vipindi, kwa mwendo wa gurudumu, bila kushika breki. Dramu haiko duara kamili, au kiatu kinagusa muda wote.

Kugonga mara moja unaposhika breki. Springi ya kushikilia kiatu imelegea au pini yake imekatika.

Mngurumo unaobadilika unapokata kona. Hii ni beringi. Wengi hubadilisha viatu kwa sababu yake na kelele haiondoki. Ukiukata usukani kwenda kulia na mngurumo ukaongezeka, shuku beringi ya kushoto, maana uzito umehamia huko.

Andika ulichosikia, upande gani, na wakati gani. Utahitaji maneno hayo hatua ya 5.

## Hatua ya 2: Pima joto

Endesha kilomita 10 hivi kwenye barabara yenye foleni ndogo, ukitumia breki kidogo iwezekanavyo. Simama kwa kupunguza gia na kuiacha gari ijisimamie. Kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu, usiiguse moja kwa moja. Ukitaka uhakika zaidi, dondoshea dramu matone mawili ya maji kwa kidole, kupitia tundu la rimu. Yakichemka na kuruka, dramu imepita nyuzi 100.

Linganisha kushoto na kulia. Gari nzima huwa na joto fulani. Kinachotafutwa ni tofauti. Gurudumu moja likiwa na moto na mwenzake vuguvugu, tatizo liko kwenye gurudumu hilo au kwenye kebo yake. Yote mawili ya nyuma yakiwa na moto, angalia kebo kuu, hozi (bomba la mpira linalopitisha fluidi) ya katikati kama gari yako ina ekseli nzima ya nyuma, au masta silinda, ile inayosukuma fluidi unapokanyaga pedali.

Usipime baada ya kuteremka mlima. Ukitoka Kapchorwa kushuka Mbale, au kwenye kona za Kabale kwenda Kisoro, breki yoyote nzima itakuwa na moto, na hiyo inatibiwa kwa gia ya chini kabla ya mteremko. Huko milimani kuna mazoea mawili yanayoharibu dramu nzima kabisa. La kwanza ni kuimwagia maji ikiwa na moto: chuma cha kusubu hupasuka au kupinda. La pili ni kuvuta hendibreki mara tu unaposimama. Dramu yenye moto imetanuka. Ikipoa huku viatu vimeibana, inajikunja juu yake. Weka gia, weka jiwe chini ya tairi, na hendibreki iache mpaka joto lishuke.

Usipuuze pia pedali. Ikiwa ngumu lakini gari haisimami, laining imezidiwa na joto. Ikiwa laini na inazama, fluidi imechemka. DOT 3 mpya huchemka nyuzi 205 au zaidi, lakini ikishanyonya unyevu wa kutosha kikomo chake kinashuka mpaka karibu 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa na unyevu. Kwa hiyo fluidi iliyokaa miaka mingi, nyeusi kama chai kavu, inakuacha bila breki kwa joto ambalo ile mpya ingelivumilia.

## Hatua ya 3: Jaribio la kuachia

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayookoa fedha. Lazima uifanye gurudumu likiwa bado na moto, tatizo likiwa lipo. Ukisubiri gari ipoe, mara nyingi breki inajiachia yenyewe na hutaona kitu.

Inua gari, weka stendi, gia iwe huru, hendibreki chini kabisa. Zungusha gurudumu kwa mkono. Kwenye gari inayovutwa na magurudumu ya mbele, la nyuma linapaswa kuzunguka lenyewe mzunguko mmoja au miwili baada ya kulisukuma. Msuguano mdogo unaosikika kwa mbali ni wa kawaida. Kwenye gari inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama Hiace, inua yote mawili na utegemee uzito fulani wa difu, yaani gia za ekseli ya nyuma.

Kama ni gumu, fuata mfuatano huu bila kuruka.

Kwanza, legeza kebo ya hendibreki. Nati yake iko chini ya mfuniko wa plastiki kando ya hendibreki, au chini ya gari kebo mbili zinapokutana. Ilegeze mpaka kebo ining'inie. Gurudumu likiwa huru, umepata jibu: kebo imebana, au kile kiwiko chake ndani ya dramu hakirudi.

Pili, fungua nipeli ya kutolea hewa kwenye gurudumu hilo. Vaa miwani, weka tambara na chupa, fungua nusu mzunguko tu kwa spana 8 au 10. Fluidi ikiruka kwa nguvu na gurudumu likaachia papo hapo, kulikuwa na shinikizo lililonaswa. Funga nipeli.

Sasa tafuta limenaswa wapi. Msaidizi akanyage pedali kwa nguvu kisha aachie. Gurudumu likibana tena, legeza kidogo nati ya paipu ya chuma pale inapoingia kwenye hozi, upande wa juu. Likiachia hapo, shinikizo linashikwa juu zaidi, yaani masta silinda au fimbo ya pedali isiyo na uhuru. Lisipoachia mpaka ufungue nipeli, hozi ndiyo yenye kosa. Hozi iliyozeeka huvimba kwa ndani: mguu wenye nguvu unaweza kusukuma fluidi ipite, lakini springi za viatu hazina nguvu ya kuirudisha. Kwa nje inaonekana nzima kabisa, na ndiyo maana hakuna anayeishuku. Ukimaliza jaribio, kaza nati hiyo na ujue kwamba utahitaji kutoa hewa.

Tatu, kama hakuna kilichobadilika, ubovu ni wa vyuma: pistoni iliyoshikwa na kutu, adjasta (kifaa kinachorekebisha nafasi kati ya viatu na dramu) iliyokazwa kupita kiasi, springi dhaifu, au beringi. Shika tairi juu na chini ulitikise. Kisha weka kiganja kwenye springi kubwa ya gari huku ukizungusha gurudumu. Beringi mbovu utaihisi ikikwaruza kupitia springi hata kama masikio hayajaisikia.

Ukifika hapa ukiwa na jibu moja, umemaliza nusu ngumu ya kazi.

## Hatua ya 4: Toa dramu

Acha ipoe. Legeza nati za gurudumu tairi ikiwa bado chini, inua, toa gurudumu. Weka alama ya choki kwenye stadi moja (bolti inayofungwa nati ya gurudumu) na kwenye dramu ili irudi ilivyokuwa.

Dramu za Toyota nyingi zina matundu mawili madogo yenye meno. Ingiza zile bolti za M8, ukikaza moja robo mzunguko, halafu nyingine robo. Dramu itatoka yenyewe. Ikigoma, huenda viatu vimechimba na kuacha ukingo ndani. Toa kizibo cha mpira nyuma ya bati linaloshika viatu, ingiza bisibisi moja kuinua kile kiwiko cha adjasta, na ya pili kuzungusha nyota ya adjasta mpaka viatu virudi ndani.

Nyundo itumike juu ya mbao, na upige uso kati ya stadi. Ukipiga ukingo wa nje unavunjika.

Gari nyingine zina dramu iliyounganishwa na beringi, iliyoshikwa na nati moja kubwa katikati chini ya kifuniko cha grisi. Kwa hizo unahitaji kujua jinsi ya kurekebisha beringi; usianze kama hujui.

Onyo: dramu ikiwa nje, pedali isiguswe na mtu. Pistoni zitaruka nje ya silinda.

## Hatua ya 5: Soma kilichomo ndani

Piga picha kabla ya kugusa. Piga nyingine kutoka pembeni. Fungua upande mmoja tu kwa wakati, ili wa pili ubaki kama kielelezo, ukikumbuka tu kwamba umegeuka kushoto kulia.

Viatu. Kikomo cha Toyota nyingi ni unene wa laining wa milimita 1. Mimi nisingeisubiri ifike hapo. Kwenye milimita 2 ningebadilisha, kwa sababu ya vumbi na matope tunayopitia. Kama laining imefungwa kwa riveti, pima kutoka kichwa cha riveti. Kiatu kimoja kikiwa kimelika sana kuliko mwenzake, kuna kinachokishikilia.

Dramu. Kipenyo cha mwisho kimeandikwa juu ya dramu yenyewe, pamoja na neno MAX. Dramu ya milimita 200 kwa kawaida inaishia 201. Ikipita hapo haikerezwi tena. Nyufa ndogo, madoa ya buluu na sehemu ngumu zinazong'aa ni alama za joto. Yenye ufa haina tiba.

Silinda. Tumia ncha ya bisibisi ndogo kuinua ukingo wa ule mpira wa vumbi upande mmoja, polepole. Ndani pakiwa pakavu au na unyevunyevu mdogo, sawa. Tone likishuka, silinda imekwisha. Ukiona unga wa rangi ya kahawia umeshikamana na pistoni, ni kutu, na hiyo ndiyo pistoni isiyorudi.

Unyevu kwenye viatu. Jua ni wa nini. Paka kidogo kwenye kioo na udondoshee maji: fluidi ya breki inachanganyika na maji, mafuta ya difu hayachanganyiki na yana harufu kali ya kiberiti. Kama ni ya difu, sili ya ekseli ndiyo inayovuja na itaharibu viatu vipya vilevile. Viatu vilivyolowa havioshwi wala havichomwi moto vikauke, ingawa utaona gereji zikifanya hivyo. Mafuta yamo ndani ya laining, na yatarudi juu siku ya kwanza yakipata joto.

Bati la nyuma. Hapa macho mengi hupita bila kutua. Kila kiatu kinateleza juu ya vinundu vitatu vya bati, sita kwa jumla. Safisha tope na uvipapase kwa ukucha. Gari iliyotembea miaka mingi barabara za vumbi jekundu itakuwa na mifereji iliyochimbwa na makali ya kiatu, na vumbi hilo likichanganyika na maji ya mvua linakauka mle kama saruji. Kiatu kinaingia kwenye mfereji unaposhika breki na hakitoki. Mlio, kubana na joto vyote vitatu vinaweza kuwa vya mifereji hiyo tu.

Kebo. Itoe kwenye kiwiko chake, ivute kwa mkono na uiachie. Inapaswa kurudi yenyewe bila kusita. Chunguza ganda lake: mpira ukipasuka, maji huingia na nyaya hushika kutu.

Kiwiko cha hendibreki kwenye kiatu. Kizungushe kwa kidole. Kikigoma, pini yake imekauka.

## Hatua ya 6: Nunua kile tu ulichothibitisha

Kampala wengi wataenda Kisekka, soko la spea. Beba spea ya zamani mkononi, kwa kuwa Corolla mbili za mwaka mmoja zinaweza kuwa na silinda za ukubwa tofauti. Mwenye duka akikuambia, "Ssebo (bwana), hii inaingia gari zote," weka zote mbili juu ya meza: linganisha upana wa kiatu, matundu ya springi, na kipenyo cha pistoni. Pistoni kubwa kuliko ya zamani itabadilisha nguvu ya breki za nyuma na gari inaweza kuyumba mkia barabara ikiwa na maji.

Viatu hununuliwa kwa magurudumu yote mawili, daima. Silinda pia ningebadilisha zote mbili, maana umri wao ni mmoja. Seti ya springi ni ya bei ya chini kuliko vyote na ndiyo watu wasiyoinunua. Springi iliyobadilika rangi kwa joto imepoteza nguvu hata kama haijakatika.

Dramu iliyotumika inafaa, mradi uione namba ya MAX na upime. Kukereza kufanywe na fundi mwenye mashine ya lathe, dramu zote mbili kwa kipimo kimoja. Fluidi inunuliwe ikiwa imefungwa. Chupa iliyokuwa wazi rafuni imeshakunywa unyevu. Usichanganye DOT 3 au 4 na DOT 5 ya silikoni, na mafuta ya injini yasiingie kabisa kwenye tangi la breki. Yanavimbisha kila mpira kuanzia masta mpaka magurudumu.

Fundi akipendekeza kuziba paipu ya gurudumu linalochemka ili "uendelee na safari kwanza," kataa. Gari inayoshika upande mmoja itageuka yenyewe siku utakapokanyaga kwa nguvu.

## Hatua ya 7: Tengeneza na uunganishe

Safisha bati lote. Vinundu vyenye mifereji midogo visawazishe kwa tupa. Vyenye mifereji ya kina vijazwe kwa kuchomelea kidogo kisha visagwe viwe sawa, hozi na silinda zikiwa zimeondolewa kwanza. Paka grisi ya breki, nyembamba sana, juu ya vinundu sita, kwenye pini ya kiwiko na kwenye meno ya adjasta. Ikibaki nyingi itafika kwenye laining.

Kiwiko cha hendibreki unahamisha kutoka kiatu cha zamani kwenda kipya. Ondoa klipu, sugua pini kwa msasa mpaka ing'ae, paka grisi, rudisha, kisha hakikisha kinazunguka kwa kusukumwa na kidole kimoja. Nimeona kazi nzuri kabisa ikiharibika kwa pini hii moja kuhamishwa na kutu yake.

Adjasta za kushoto na kulia hazifanani: upande mmoja meno yake yanakwenda kinyume. Ukizibadilisha, adjasta italegeza kila inapopaswa kukaza. Kama kiatu kimoja kina laining fupi, hicho kwa kawaida kinakaa mbele. Hakikisha kwa picha yako.

Kebo iliyoshika kutu usiipake mafuta ukaridhika. Itateleza siku chache halafu ikwame tena, pengine ukiwa njiani na abiria. Ibadilishe. Hozi vilevile.

Vikishakaa, sukuma viatu kwa mikono kulia na kushoto. Vinapaswa kuteleza na kurudi katikati vyenyewe. Futa dramu kwa dawa ya breki, shika laining kwa mikono misafi, rudisha dramu ukifuata alama ya choki.

## Hatua ya 8: Rekebisha viatu kwanza, kebo mwisho

Soma kichwa hicho mara mbili. Mtu akiona hendibreki inapanda juu sana, anakimbilia kukaza kebo. Kebo iliyokazwa inavuta kiwiko ndani ya dramu, viatu havirudi tena mahali pake pa kupumzika, na adjasta inashindwa kufanya kazi. Gurudumu linachemka huku hendibreki ikionekana nzuri. Gari nyingi zinazorudi gereji zikiwa na viatu vipya vilivyoungua zimeharibiwa hapa.

Kebo ikiwa imelegea kabisa, zungusha nyota ya adjasta kupitia tundu la nyuma mpaka gurudumu ligome. Kisha irudishe, kwa Toyota nyingi ni meno 8. Kanyaga pedali mara kadhaa ili viatu vikae katikati, na uhakiki tena. Gurudumu lizunguke kwa uhuru, ukisikia msuguano hafifu tu. Fanya upande wa pili vivyo hivyo.

Sasa kaza kebo. Vuta hendibreki ukihesabu meno: kati ya 5 na 8 ndiyo kawaida, kitabu cha gari kitakupa idadi kamili. Ishushe, zungusha magurudumu yote mawili. Lazima yawe huru kama kabla hujakaza kebo.

## Hatua ya 9: Toa hewa

Ulifungua paipu, hozi, silinda au nipeli? Basi hatua hii haikwepeki. Kwa gari zetu za usukani wa kulia, masta silinda iko kulia, hivyo gurudumu la nyuma kushoto ndilo la mbali zaidi. Kwa kawaida unaanza hapo, kisha nyuma kulia. Kitabu cha gari kikitoa mpangilio mwingine, fuata kitabu.

Jaza tangi. Ingiza mpira kwenye nipeli, ncha ya pili izame kwenye fluidi ndani ya chupa. Msaidizi akanyage polepole na kusema, "Nimeshika." Fungua nusu mzunguko, pedali itazama. Funga. Mwambie, "Achia." Akiachia kabla hujafunga, hewa inarudi ndani na unaanza upya.

Rudia mpaka mapovu yaishe na fluidi itoke safi. Angalia tangi kila baada ya mikanyago michache. Likikauka, hewa inaingia kwenye masta. Fluidi ikidondokea rangi ya gari, mwagia maji mengi papo hapo, maana inachubua.

Umefaulu kama pedali inasimama juu, ni ngumu, na haizami ukiishikilia kwa nusu dakika injini ikiwa inawaka.

## Hatua ya 10: Jaribu na uzoeshe

Rudisha magurudumu, kaza nati kwa mpangilio wa msalaba. Toyota ndogo nyingi zinataka takriban nyutoni-mita 103. Kanyaga pedali mara kadhaa kabla ya kusogea hata hatua moja.

Anza uani, kwa mwendo wa kutembea. Kisha barabara tulivu: kimbia mpaka kilomita 50 kwa saa, shika breki kwa wastani mpaka 20, achia, endesha kidogo ipoe. Rudia mara 15 hadi 20. Usisimame kabisa huku umekanyaga wakati zikiwa na moto. Harufu kidogo ya laining mpya ni ya kawaida. Moshi si wa kawaida.

Rudia kipimo cha hatua ya 2, kilomita 10 bila kutumia breki sana. Magurudumu mawili ya nyuma yakiwa na joto linalokaribiana, na matone ya maji yakikaa juu ya dramu bila kuruka, kazi imekubali. Moja likiwa bado na moto, rudi hatua ya 3. Usikaze wala kulegeza kitu kwa kubahatisha.

Asubuhi ya pili, kabla ya kuwasha, chungulia nyuma ya magurudumu yote mawili kuona kama kuna unyevu, na utazame kimo cha fluidi kwenye tangi. Baada ya kilomita 50 kaza tena nati za magurudumu. Baada ya wiki moja hesabu meno ya hendibreki. Yakiongezeka moja au mawili viatu vimekaa mahali pake, na unarekebisha kwenye nyota ya adjasta, kebo ukiiacha kama ilivyo.